Mke Mwenza wa Uskoti

Bibi Mwanahawa alianza kujifunza Kiingereza akiwa na umri wa kutosha kuchekwa, na watu wa Mikindani hawakujinyima raha hiyo. Asubuhi aliuza vitumbua mbele ya nyumba yake. Alasiri alijitanda mtandio wake, akaenda kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, akakaa kati ya waendesha bodaboda na wasichana wa hotelini. Waliomuuliza anatafuta kazi gani aliwajibu kwamba anamtafuta mjukuu.

Mjukuu mwenyewe, Warda, alizaliwa Uskoti, kwa Farida, binti pekee wa Bibi, aliyeolewa huko. Alikuwa na miaka minane na Kiswahili chake kiliishia kwenye shikamoo. Kila wakipigiana simu mambo yalikuwa yaleyale: shikamoo, marahaba, kisha kimya, kisha mtoto anatoweka kwenye kioo na Bibi anabaki kutazama ukuta. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema. Kwake yeye, mjukuu asiyetaniana na bibi yake ni mgeni tu mwenye sura ya ukoo.

Mwalimu Fadhili, kijana wa Nanyamba, hakuwa na mbwembwe. Maneno aliyaanzia jikoni: sufuria, mwiko, chumvi, kisha akaja kwenye mwili. Kwenye kusikiliza aliwawekea sauti zilizorekodiwa kwenye simu. Mara ya kwanza wafumbe macho, mara ya pili wanyooshe mkono wakisikia neno wanalolijua. Bibi alinyoosha hata kwa asiyoyajua, ili asipitwe. Kuandika ndiko kulikomtoa mwalimu jasho, maana kila mtu aliandika kama alivyofundishwa shuleni zamani: salamu, kuulizia hali, dhumuni la barua hii.

"Unamwandikia ndugu yako, siyo mkuu wa wilaya," Fadhili alisema. "Andika kama mnavyoongea mkikaa barazani."

Bibi akatii. Fadhili akiwa amemwinamia mwanafunzi mwingine, yeye akamwandikia Warda kwenye simu, kwa kidole kimoja, kwa Kiingereza chake: "Mke mwenzangu, wewe mvivu. Kupika hujui. Babu ni mume wangu, simtoi. Kaa hukohuko." Akatuma, roho yake kwatu.

Kwa mtu wa pwani hii, mapenzi ya bibi yanasemwa hivyohivyo. Bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Wanamgombea babu kwa maneno tangu mtoto hajaota meno, na asiyechokozwa na bibi yake ana sababu ya kujiuliza kama anapendwa. Uskoti hawalijui hilo. Kesho yake Farida akapiga: Warda ameusoma ujumbe mwenyewe, amelia mpaka usingizi ukamchukua, anauliza bibi anamchukia kwa nini, na simu ya Mikindani haitaki tena.

"Na wewe hukumweleza utani?" Bibi akauliza.

"Sijawahi, mama. Nilidhani ni kitu anachozaliwa nacho mtu."

Siku hiyo vitumbua havikupikwa. Bibi alikwenda darasani amenuna, akamwambia mwalimu yaliyompata. Fadhili, kwa aibu ya kutouangalia ujumbe kabla haujatumwa, akamwandikia ubaoni maneno ya pole: mjukuu wangu mpendwa, nisamehe, nakupenda. Bibi akanakili, akatuma. Jibu likaja kabla darasa halijafungwa, kwa Kiingereza: Asante sana, Bibi.

"Amesamehe," Fadhili akasema.

"Amenishukuru," Bibi akasema. "Wateja ndivyo wanavyosema nikiwafungia vitumbua."

Hapo akadai maneno mengine, ya kuelezea siyo ya kubembelezea, na akayaunganisha mwenyewe: "Warda, kwetu bibi na mjukuu wanachokozana kwa mapenzi. Ni mchezo. Mama yako alimchokoza bibi yake kila siku. Sasa zamu yako. Nitukane." Fadhili alitaka kulilainisha lile la mwisho, Bibi akamkazia macho, likabaki.

Siku zikapita, simu kimya. Bibi aliogopa, na kwa kuwa aliogopa akawa mkali kwa kila mtu. Mumewe, mzee Suleimani, alimshauri amwache mtoto wa watu apumzike, akaambiwa huyo siyo mtoto wa watu.

Ujumbe wa sauti uliingia alasiri moja, katikati ya kipindi. Fadhili alinyoosha mkono amsaidie kuusikiliza. Bibi akaivuta simu kifuani. Akafumba macho kama alivyofundishwa. Mara ya kwanza alisikia sauti tu, nyembamba, yenye woga. Mara ya pili mkono wake ukapanda kwenye neno vitumbua, ukapanda tena kwenye meno. Mara ya tatu akayapata yote:

"Mke mwenzangu, vitumbua vyako vigumu. Babu hana meno. Nikija nitampikia mimi. Wewe utaosha sufuria."

Na mwishoni kabisa kicheko, kilichokatika kabla hakijaisha.

Machozi yalimtoka Bibi mbele ya waendesha bodaboda na hakuyaficha, maana yalikuwa ya furaha. Darasa zima likataka kujua mtoto kasema nini.

"Ya wake wenza hayo, hayawahusu," akasema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Ntoto ana mdomo huyu. Mwalimu, mvivu nishamwita. Nipe neno lingine."