Sahani Tupu Iliyobaki Kwenye Shimo la Ndizi

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne katika shule ya kutwa huku Kaisho, Karagwe. Nimewaomba wenye ukurasa huu wafiche jina langu, na jina la mama nitakayemtaja nimelibadilisha. Siumwi. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe hauishi hata nikilala.

Mwalimu wetu wa Baiolojia alitupa kazi. Kila mmoja achukue udongo au maji ya kwao, aoteshe bakteria waliomo, achunguze ni wa aina gani, kisha aandike ripoti. Ripoti itakayokuwa bora ataiambatisha na barua ya kumwombea aliyeiandika nafasi kwenye chuo cha wasaidizi wa maabara. Nafasi ni moja, na mimi naitaka kuliko kitu chochote.

Nilichagua maji ya kisima chetu, kwa sababu tangu mvua zianze watoto wa kwetu wanaharisha. Watu walikwisha kumnong'ona Mama Devota, mjane ambaye nyumba yake na choo chake viko mlimani juu ya kisima. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Yeye amezaliwa hapa hapa, lakini likitokea jambo baya, ndipo watu hukumbuka walikotoka wazazi wake.

Bakteria wanahitaji joto la kudumu ili waote. Kasha la joto la shule linategemea jenereta, na dizeli ilikuwa imekwisha. Mwalimu akasema, "Kila mtu atafute joto lake." Wengine walifunga visahani vyao vya kuoteshea bakteria tumboni kwa kanga. Mimi nikakumbuka shimo ambalo mama huivishia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Huwasha moto ndani kwanza, huzoa majivu, hutandika majani ya migomba na kupanga ndizi, kisha hukandika mdomo wa shimo kwa udongo na samadi ili joto lisitoke.

"Mama, naomba pembe moja ya shimo, nina vitu vya shule."

"Vitu gani?"

"Wadudu wasioonekana."

"Waitu! Wainywe rubisi yangu kabla ya wateja?" Alicheka, lakini akanipa nafasi.

Niliweka visahani vitatu vyenye maji ya kisima na kimoja kitupu cha kulinganishia, chenye chakula cha bakteria tu bila maji, vyote nimevifunga kwa karatasi. Siku ya kuvitoa, kile kitupu kilikuwa kimeteleza chini ya ndizi. Mama akanikataza kumfukunyulia shimo lake, basi nikakiacha nikisema nitakifuata.

Shuleni niliwapaka bakteria rangi, nikawatazama kwenye hadubini. Nikaona vijiti vifupi vya rangi ya pinki. Kwenye mrija wa maji ya sukari nilimowatia kulikuwa na mapovu ya gesi. Vyote vilielekeza kwenye bakteria wa utumbo, wale wanaotoka kwenye kinyesi cha watu na cha wanyama. Mwalimu alinipa mkono wa pongezi mbele ya darasa, nami nikafurahi sana.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Baba, ambaye yumo katika kamati ya maji, alikuja kunipokea njiani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwanangu, sasa tuna ushahidi. Kahawa ikishavunwa kamati inakaa. Yule mama atahama."

"Baba, sijasema ni choo chake."

"Hukuhitaji kusema. Choo kiko juu, kisima kiko chini. Au siku hizi maji yanapanda mlima?"

Kisha mama akafukua ndizi zake. "Kisahani chako hiki hapa, kilikuwa chini kabisa." Nikafungua karatasi. Kisahani ambacho sikukitia hata tone la maji kilikuwa kimejaa madoa yaleyale. Nilikipeleka shule, nikapaka rangi, nikaona vijiti vilevile vya pinki. Nikaikumbuka ile samadi. Huenda nilichunguza ng'ombe wetu, si kisima.

Nilimwonyesha mwalimu. Akasema, "Hiki kilikaa shimoni muda mrefu kuliko vingine. Hakihesabiki, kiache."

"Lakini mwalimu, si ulitufundisha kwamba kisahani kitupu ndicho kinachotuambia kama vingine vinasema kweli?"

Alivua miwani, akaifuta. "Binti, ripoti isiyo na jibu sina namna ya kuipeleka popote. Na je, kama maji ni machafu kweli? Watoto waendelee kuyanywa kwa sababu ya kisahani kimoja?"

Swali hilo ndilo linalonichosha, kwa sababu huenda yuko sahihi. Siwezi kurudia kazi, unga wa kuoteshea umekwisha shule nzima. Nimewaomba majirani wachemshe maji. Baba anasema hakuna haja ya kumaliza kuni wakati mwenye kosa anajulikana.

Jana nilimkuta Mama Devota kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitwisha ndoo kama siku zote. Kisha akasema, "Nasikia una kioo kinachoonyesha vitu vidogo sana. Umeliona jina langu humo?"

"Hapana, mama."

"Basi waambie hivyo." Akajitwika ndoo yake, akapanda mlima.

Ripoti ninayo hapa. Nimeandika kila kitu isipokuwa hitimisho. Nikikitaja kisahani kitupu, jibu langu ni "sijui", chuo nakikosa, na baba ataaibika mbele ya kamati. Nikikinyamazia, Mama Devota anafukuzwa kwake kwa mkono wangu, na mimi nitasifiwa. Kisahani chenyewe bado sijakitupa. Ninyi wasomaji mlionitangulia kwa umri, labda yupo kati yenu aliyewahi kusema "sijui" mbele ya watu wanaosubiri jina la mtu. Ulianzaje kusema, na baba yako ulimtazamaje? Nawaomba mnijibu hapa hapa. Kahawa imeanza kuwa nyekundu.