Hija ya kilemba changu

Jamani, leo nimemwonea wivu bibi wa miaka themanini. Tena mtawa!

Mnakumbuka akina mama wa kanisani kwetu tulishona sare ya kitenge, twende kuhiji Italia kwenye zile monasteri za kale?

Wenzangu wakaenda. Mimi pasipoti yangu bado iko uhamiaji, nasubiri kibali cha kuishi hapa Uingereza. Nikampa Mama Neema kilemba changu cha ile sare, angalau chenyewe kikabarikiwe.

Leo baada ya misa ananionyesha picha kwenye simu. Makanisa ya mawe, na wao walivyopendeza! Natabasamu huku roho inaniuma.

Picha ya mwisho: mtawa mzee anacheka, kilemba changu amekifunga juu ya shela lake.

"Mama Neema, hicho si changu?"

"Ndicho, dada. Alikipenda mno, nikaona haya kumvua. Ila ameahidi kukuombea kila siku upate kibali."

Sasa mtu anayekuombea unamnuniaje? Nyie mngekidai?

Nimerudi zangu Woolwich kichwa wazi. Kilemba kimepata makazi kabla yangu.