Amani Niliyoikosa

Mume wangu alipofariki, mama yake alikuwa amekwisha kupooza upande wa kulia. Tulikuwa tukiishi naye hapa Issuna, katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo mume wangu aliijenga kando ya tembe ya wazazi wake. Mimi si mtu wa huku. Ni Mnyiramba, nimezaliwa na kukulia Kiomboi, na Kinyaturu nimejifunzia jikoni kwa mama mkwe, nikikosea na yeye akinisahihisha bila kucheka. Baada ya mazishi nilibaki naye, pamoja na mabinti zangu wawili waliokuwa bado shule. Tuliishi kwa cherehani yangu pale barazani na shamba la alizeti na mtama.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kiharusi. Baada ya kumzika mwanawe aliacha kabisa kanisa. Jumapili ya kwanza nilipomwambia kwamba kina mama wangekuja kumsaidia afike ibadani, alinitazama kwa jicho lake zima akasema, "Nimemaliza maneno yangu na Mungu. Nenda wewe." Sikubishana naye. Niliweka maji karibu na kitanda chake, nikaenda.

Miaka ikapita. Nikawa nimezoea ujane wangu, kama mtu anavyozoea mguu unaouma. Ndipo alipokuja mwalimu mmoja kutoka Kiomboi. Naye alikuwa amefiwa na mke. Tulifahamiana kwenye mikutano ya kwaya, yeye akiwa kiongozi wa kwaya yao na mimi nikiimba sauti ya pili kwenye yetu. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kuzungumza juu ya watu wengine, na alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Hakuja kwa kificho. Alimtuma mshenga kwanza, kisha akaja mwenyewe, akakaa sebuleni, akamwamkia mama mkwe wangu shikamoo, akaeleza nia yake mbele yake.

Mchungaji aliona ni jambo jema. Kina mama wa jumuiya walianza kupanga sare kabla sijatoa jibu. Mama yangu mzazi alinipigia simu akilia kwa furaha. "Mwanangu," alisema, "Mungu anakurudisha nyumbani."

Wasiwasi wangu mmoja ulikuwa mama mkwe, na huo nao uliondolewa haraka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na mji wake Mungaa, ana ng'ombe na nyumba ya kutosha. Alikuja mwenyewe kwa baiskeli. "Shemeji, umetosha," aliniambia. "Umemuuguza mdogo wangu mpaka kaburini. Huyu ni mama yangu, nitamchukua mimi. Wewe nenda ukaishi."

Hata mama mwenyewe aliniruhusu. Nilikuwa namlisha uji, akausogeza mkono wangu pembeni akasema, "Nenda. Bado una nguvu. Nguvu zako zisiishie kwenye kitanda changu."

Kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukataa. Nalisema hili wazi kwa kuwa watu wanapohadithia habari zangu hupenda kusema kwamba nilikataa ili nimtunze mzee. Sivyo ilivyokuwa. Mzee alikuwa amepata pa kwenda. Nami nilimtaka yule mwalimu. Nilikuwa nikisikia gari likisimama barabarani nanyanyua kichwa kutoka kwenye cherehani kuangalia kama ni yeye.

Jambo lenyewe lilianza katika maombi. Kila siku alfajiri, kabla sijawasha moto, huwa napiga magoti chumbani kwa mama, maana chumba chake ndicho chenye nafasi, na ninaomba kwa sauti. Nilianza kumshukuru Mungu kwa ajili ya ndoa ile, na maneno yakawa hayatoki. Kwa jambo lingine lolote nilikuwa naomba vizuri. Nikifika kwenye ndoa, kifua kinakuwa kizito, naishia kusema "Bwana, unajua," nasimama. Nilidhani ni uchovu. Wiki zilipopita nikajua si uchovu.

Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Kukosa amani kunaweza kuwa alama," alisema, "lakini hofu nayo humnyima mtu amani. Umewahi kufiwa. Inawezekana unaogopa kufiwa tena. Jichunguze, mama. Usiite hofu yako sauti ya Mungu. Na kama ni Mungu, usiite sauti yake hofu."

Nilirudi nikajichunguza kwa kufunga na kuomba. Hofu naijua. Niliishi nayo miezi yote mume wangu alipokuwa akiugua figo; hofu hukimbizana na mawazo, inakuonyesha hili na lile. Kizuizi hiki hakikunionyesha kitu. Kilikuwa kimetulia tu, kama mtu mzima aliyesimama mlangoni, hakusukumi, hakutukani, lakini hapiti wala hakupishi.

Mwalimu alikuwa ameniletea kitambaa cha gauni la harusi, cheupe chenye maua madogo ya kufuma. Alasiri moja nilikitandaza mezani, nikakipima, nikachora kwa chaki kama nilivyochorea wateja wangu wengi. Nikashika mkasi. Sikuona maono, wala sikusikia sauti. Nilijua tu kwamba nikikata kitambaa kile nitakuwa nafanya jambo ambalo nimekatazwa. Nilikaa pale mpaka kuku walipoanza kuingia bandani. Akili yangu ilikuwa na hoja nyingi, na zote zilikuwa za kweli: mtu ni mwema, wanangu watapata baba, mzee ana mtoto wake, mchungaji na wazazi wamebariki. Sikuwa na hoja hata moja ya upande wa pili. Nikakikung'uta kitambaa chaki ikatoka, nikakikunja.

Alipokuja safari iliyofuata nilimwambia. Tulikaa barazani mahali ambapo kila mpita njia angetuona.

"Kuna kosa nililofanya?" aliuliza.

"Hapana."

"Kuna maneno umeyasikia juu yangu?"

"Hapana, mwalimu. Sijasikia ila mema."

"Basi Mungu amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu," nilisema. "Amenizuia."

Alitazama mikono yake. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini. "Dada, na mimi niliomba. Mimi nilipata amani. Sasa yupi kati yetu amesikia vibaya?"

Nilimwambia, "Sijui. Ninajua tu kwamba nikienda, nitakuwa nakwenda peke yangu."

Nilimrudishia kitambaa chake. Alikataa kwanza, kisha akakipokea, akakiweka kwenye mkoba. Aliingia ndani kumuaga mama, akatoka, akanipa mkono. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipofika barabarani. Kisha nikaingia jikoni nikalia hadi mboga ikaungua.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Mama yangu mzazi hakunipigia simu kwa muda mrefu. Baadhi ya kina mama wa jumuiya walisema nina mwanaume mwingine, wengine wakasema nimerogwa nisitoke kwenye ukoo. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa mama mkwe.

"Umekataa kwa ajili yangu?" aliniuliza. "Mimi sikukuomba."

"Siyo kwa ajili yako, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

"Sijui, mama."

"Mtu huacha nyumba nzuri bila kujua?" Akageukia ukutani. Siku hiyo hakula kwa mkono wangu. Binti yangu mdogo ndiye aliyemlisha.

Msimu uliofuata mvua zilikatika mapema. Nyasi zikaisha Mungaa, na shemeji akahama na mifugo kwenda mbali kutafuta malisho, familia nayo ikamfuata. Nyumba ile ambayo mama angepelekwa ikafungwa. Watu wakaanza kuniambia, "Unaona sasa? Ungekuwa umeondoka, mzee angeachwa wapi?" Walisema kwa nia njema, nami niliitikia, lakini moyoni sikukubali kwamba hilo ndilo jibu. Ningekuwa Kiomboi ningekuja kumchukua nikae naye, na mwalimu asingekataa. Mungu hakuhitaji kunivunjia ndoa ili bibi mmoja apate pa kulala. Nilitamani jibu, lakini sikutaka kujitengenezea jibu.

Yule mwalimu alioa. Nilikutana nao Kiomboi, hospitalini, nilipokwenda kumwona mama yangu mzazi aliyekuwa amelazwa. Walikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, mkewe amembeba mtoto mchanga. Mwalimu alisimama akanisalimu kwa heshima, akanitambulisha kwa mkewe, na yule mama akanipa mtoto nimshike. Alikuwa mzuri, mzito, ana nywele nyingi. Nilimwombea baraka kwa maneno yote niliyoyajua, na niliyamaanisha. Kisha nikaenda nyuma ya jengo la jikoni, nikasimama kwenye upepo mpaka uso wangu ukakauka. Kuna amri ambayo mtu akiitii hupewa mara moja kitu cha kushika mkononi. Mimi nilipewa mtoto wa mtu nimshike kidogo, nikamrudisha.

Nikaendelea kuishi. Ninamgeuza mama kitandani, ninamwosha, ninampaka mafuta sehemu zilizoanza kuchubuka. Ninashona sare za shule na magauni ya watu. Na alfajiri ninaomba kwa sauti chumbani kwake, yeye amefumba macho, nisijue kama amelala au anavumilia tu. Hakuwahi kuitikia amina.

Mwaka ambao mabinti zangu wote wawili walikuwa wamekwenda kusoma mbali, niliugua malaria iliyonichosha sana. Homa ilipopungua nilijilazimisha kuamka alfajiri kama kawaida. Nilipiga magoti na hakuna kilichotoka. Siyo kwa jambo moja kama zamani. Kwa mambo yote. Nilikuwa nimekauka. Niliweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, nikakaa hivyo. Nadhani nilikuwa nimemaliza na mimi maneno yangu.

Ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Mama alikuwa anaomba. Aliomba kwa Kinyaturu, kwa mdomo ule uliopinda, polepole, maneno mengine yakimshinda anarudia. Hakujiombea. Alisema, "Huyu nilimwambia aende, wewe ukamwambia akae. Sikukuelewa, na yeye hakukuelewa. Ameshakaa. Sasa amechoka. Mimi naondoka karibuni. Nikiondoka, usimwache peke yake."

Sikuinua kichwa. Mkono wake mzima, wa kushoto, ulikuja ukatua kwenye kitambaa nilichojifunga kichwani, ukabaki hapo. Alipomaliza nikaona ananingoja, nikasema amina.

Toka siku ile tuliomba kwa zamu. Nikimaliza mimi kwa Kiswahili, anaanza yeye kwa lugha yake. Wakati mwingine alimlaumu Mungu wazi kwa habari ya mwanawe, wakati mwingine aliomba mvua, wakati mwingine alimtaja mwalimu na mtoto wake, jambo ambalo mimi nilikuwa siliwezi. Sikumuuliza kilichombadilisha. Nilimuuliza tu siku moja kama angependa mchungaji aje, akasema aje, na mchungaji akaja akampa meza ya Bwana palepale kitandani.

Alifariki wakati tunavuna alizeti. Nilikuwa nimerudi kutoka shambani adhuhuri, nikamkuta anapumua kwa shida. Nilimwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Aliniuliza kama mtama umeiva. Nikamwambia umeiva. Akaitikia, na baada ya hapo hakusema tena. Alizimika mikononi mwangu jua likiwa bado juu.

Shemeji alifika kutoka alikohamia, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Mbele ya watu wote alisimama kunishukuru, akaanza kulia, akashindwa kuendelea, wazee wakamketisha.

Waombolezaji walipoondoka, binti yangu mkubwa alibaki nami siku kadhaa. Yeye ndiye peke yake aliyewahi kuniuliza swali lile waziwazi. Tulikuwa tunapepeta alizeti uani.

"Mama, unajuta?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, maana hakuwa mtoto tena. "Kuna siku najuta," nilisema. "Nikimwona mtu na mumewe wanatoka kanisani, najuta."

"Lakini ungejua sababu, isingekuuma."

"Labda. Lakini ningekuwa ninaamini ile sababu. Sasa hivi sina cha kuamini ila Mungu mwenyewe."

Upepo ulibadilika, makapi yakaanza kuturudia usoni, tukahama na nyungo zetu kwenda upande wa pili wa ua.