Kitufe cha Marehemu

Sie wa mtaani kwetu, huku Mtoni, tuna chama cha kufa na kuzikana, na mie ndiye niliyekiharibu. Watu wananiambia nisiseme hivyo, eti ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Programu niliandika mwenyewe, nikaijaribu mwenyewe, nikapigiwa makofi na pilau nikala.

Mtu wako akifa, chama kinakuletea turubai, viti, masufuria, vijana wa kuchimba kaburi na basi la kwenda makaburini. Zaidi ya yote kinakuletea watu. Wanachama wote walikuwa kwenye daftari moja kubwa alilolitunza katibu, mama mmoja mwenye duka la vitenge. Msiba ukitokea analamba kidole, anapekua kurasa zilizochanika, na wafiwa wamesimama wanamsubiri. Ndipo mwenyekiti akaniita: "Wewe si umesomea kompyuta? Tusaidie basi." Enzi hizo nilikuwa naandikaga programu kwenye ofisi moja Sinza, kwa ajili ya watu wasionijua hata sura. Kuombwa na mtaa wangu niliona fahari. Baba yangu, fundi seremala, aliona fahari kuliko mie. Aliwasimulia hata wateja ambao hawakumuuliza.

Kwenye daftari kila nyumba ilikuwa na namba: tarakimu ya mtaa, ya shina la balozi, kisha mbili za nyumba. Yetu ilikuwa 3714. Na hapa ndipo ishu ilipoanzia, maana namba ya nyumba ndiyo ilikuwa namba ya mzee wa nyumba. Baba alikuwa 3714, basi, bila nyongeza. Mama alikuwa 37141, mie 37142, na bibi mzaa mama, aliyeletwa kutoka Lindi miguu ilipomchoka, 37143. Mwanaume ndiye nyumba, sie wengine ni tarakimu za mwisho. Waliopanga hivyo walishafariki zamani, na mie sikuona ajabu yoyote.

Namba zile niliziweka kwenye kitu ambacho waandishi wa programu tunakiita trai. Ni mti wa matawi. Namba haikai nzima mahali pamoja, inashuka tarakimu kwa tarakimu, na zinazoanza sawa zinapita njia moja mpaka pale zinapoachana. Ni kama kumwelekeza mgeni: anayekwenda kwa fundi cherehani na anayekwenda kwa muuza mkaa wote wanakata kona ile ile ya msikiti, halafu kila mmoja anashika uchochoro wake. Kwa hiyo katibu akiandika 3, mtaa mzima unatokea. Akiongeza 7, linabaki shina moja. Akimalizia na 14, tunatokea sie wanne wa nyumba yetu, hapo hapo. Kazi ya kulamba kidole ikaisha.

Siku ya kuionyesha tulikaa barazani kwa mwenyekiti, programu nimeshaiweka kwenye simu ya chama, ya kukaa kwa katibu. Waliona jinsi ya kutafuta, wakafurahi kweli. Nikawaonyesha na kitufe nilichokiandika "Marehemu": mtu akifariki unakibonyeza, jina lake linatoka kwenye orodha. "Ngoja nijaribu na la mwenyekiti," nikasema. Lahaula! Walinirukia wote. "Acha uchuro!" Katibu alinishika mkono kabisa. Mwenyekiti alijifanya anacheka, lakini kiti alishakisogeza nyuma. Baba ndiye aliyekasirika zaidi: "We mtoto una wazimu? Unamfuta mtu mzima aliye hai?" Basi nikatunga mtoto wa uongo, nikamweka mwishoni mwa nyumba ya uongo, nikabonyeza. Akatoka peke yake, safi. Makofi.

Sikujaribu tena, hata nilipokuwa peke yangu chumbani. Majina ya kweli yalishaingia, na kila nilipofikiria kubonyeza kitufe kile juu ya jina la mzee wa mtu, kidole kilikuwa kizito. Msomi mzima naogopa uchuro! Na bado siku ile ya barazani nilikuwa nimejitia kuwafundisha kazi. Niliwaambia neno la mwisho liwe la simu, daftari lifungiwe kabatini, na siku ya msiba asiongezwe mtu, kwa sababu kuna wajanja walikuwa wanaandikisha ndugu maiti ikiwa ndani. Wote wakasema sawa.

Mwaka uliofuata baba akafariki kwa presha. Chama kilikuja chote. Turubai lilifunika uchochoro kutoka mwanzo hadi mwisho, na wanawake walipika siku tatu bila mama kugusa sufuria. Baada ya kuanua tanga, katibu akanipa ile simu ya chama. "Mwanangu, mie mkono unakataa. Mtoe wewe." Nikamtafuta baba, nikabonyeza Marehemu. Nililia pale, nikamrudishia simu. Sikuangalia kilichobaki.

Miezi minane baadaye bibi aliamka vizuri, akanywa uji, akasema ajinyooshe kidogo. Hakuamka. Mama alijifunga kanga kiunoni, akaniambia, "Nenda kwa katibu. Nataka azikwe alasiri."

Nikaenda. "Shikamoo mama, bibi katutoka." Katibu alinipa pole, akalia kidogo, akachukua simu. Akaandika 3714. Akafuta, akaandika tena. "Mbona hampo?"

"Hatupo vipi?"

Akanionyesha. Nyumba ya 3713 ilikuwepo. Ya 3715 ilikuwepo. Yetu hakuna.

Nilielewa pale pale mlangoni kwake. Kwenye trai, kila mtu ana alama pale namba yake inapoishia. Ukitaka kumtoa, unafuta alama tu na njia unaiacha, maana wengine wanapitia hapo hapo. Mie sikufuta alama, nilikata tawi. Yule mtoto wa uongo hakuwa na mtu chini yake, ndiyo maana alitoka safi. Baba alikuwa na watu watatu chini yake, na siku niliyomtoa nililia huku nawafuta wote, na mie mwenyewe nikiwemo.

Mwenyekiti alipofika nikamweleza haraka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamdhulumu. Halafu akasema, "Kijana wangu, mie nakuamini. Lakini hilo ni neno lako. Wewe ndiye unayejua kuichezea hiyo programu, na maiti ni ya kwenu. Nikikuruhusu uingize majina leo, kesho nitamwambia nini mwingine?"

"Basi fungueni daftari!"

"Daftari ulisema lisifunguliwe."

Nikamgeukia katibu. Huyu mama amekula kwetu, amemsuka bibi nywele, amelala kwenye mkeka wetu msiba wa baba. Nikamwambia, "Mama, wewe si unatujua?"

"Nawajua, mwanangu," akasema. "Lakini kwenye simu hampo."

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale natamani kutukana. Na wa kumtukana ni mie, maana nani aliyewafundisha kusema hivyo?

Bibi alizikwa alasiri kama mama alivyotaka. Jeneza lilitoka msikitini, Mungu awalipe. Kaburi tulichimba mie na majirani watatu, mikono ikatoka malengelenge. Wageni walikaa kwenye ndoo na matofali, juani, na turubai la chama limekunjwa stoo kwa mwenyekiti, mwendo wa dakika mbili. Wengi hawakuja kabisa, kwa sababu msiba usiotangazwa na chama watu wanauona ni wa wapangaji. Mama alikaa tu kwenye mkeka anatazama uchochoro.

Arobaini ilipopita niliomba kikao. Nilikuwa nimeshasahihisha lile kosa. Masahihisho yenyewe yalikuwa mistari minne tu. Nikawaeleza bila kuficha: mie ndiye niliyekosea, na si sie peke yetu. Tangu tuanze kutumia simu nyumba tano zilikuwa zimefiwa na wazee wao, na zote tano zimefutika, wajane na watoto, wenyewe hawana habari. Naomba niwarudishe. Nilitarajia matusi, na wallahi ningeyapokea.

Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Hao wajane," akasema, "si ndio hao michango yao inasuasua kila siku?" Mtu mmoja akaguna kukubali. "Basi mbona simu imetusaidia? Mzee wa nyumba akifa, nyumba ijiandikishe upya chini ya mwanaume mwingine. Wasio na mwanaume, tutawaangalia."

"Lakini mzee, hilo ni kosa! Ni kosa langu la programu!"

"Lilikuwa kosa. Sasa tunalipitisha. Nani anaunga mkono?"

Mikono ikanyooka. Wa katibu ulichelewa kidogo, lakini ulinyooka. Wakaniagiza niirudishe programu ilivyokuwa. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuwatupia simu yao nikaondoka. Lakini mama ana sukari, na msiba usio na chama nilishauona. Nikaifuta ile mistari minne, pale pale barazani, mbele yao.

Kisha nikapita nyumbani na simu kuandikisha kaya yetu upya. 3714, mkuu wa kaya: mie. Halafu 37141, mama. Alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama. Nilikuwa nimeshamweleza yote, tawi na alama, na aliyaelewa upesi kuliko kikao kizima.

"Kwa hiyo sasa nipo chini yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ukitangulia wewe?"

Nikabonyeza Hifadhi.