Keki ya Wimbi ya Arap Tanui

Kutoka Kericho mjini hadi Merigi hapakuwa na mtu aliyejua kuoka mkate kama Johana arap Tanui, wala hapakuwa na mtu aliyeuogopa mkate kama yeye. Alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la chai kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alitoa mikate mitatu katika jiko la chuma, akaigonga chini kwa kidole kusikiliza kama imeiva, akaipeleka mezani. Kisha akaketi nyuma ya nyumba, akanywa chai yake kwa viazi vitamu alivyotoka navyo kwake, vimefungwa kwa kitambaa.

Si kwamba hakuupenda mkate. Aliupenda mno, na hilo ndilo lililomuudhi. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa akila kila kilichobaki mezani na kujiona amebarikiwa, na mwaka huohuo alikonda mpaka suruali ya kazi ikafungwa kwa kamba. Tumbo lilijaa, likanguruma, likamkimbiza kichakani mara sita kwa siku. Zahanati ilimpa dawa ya minyoo, mama yake akamchemshia mizizi, na majirani wakaanza kunong'ona majina ya watu waliodhaniwa wamemroga. Halafu meneja akaenda likizo kwao miezi sita. Arap Tanui akarudi nyumbani kula chakula cha mkewe, Chelangat, na kufikia mwezi wa tatu alikuwa na mashavu. Meneja aliporudi, mkate ukarudi, na ugonjwa ukarudi siku ya pili yake.

Basi akaiacha ngano yote: mkate, chapati, mandazi, biskuti, hata ile supu ya wazungu inayotiwa unga iwe nzito. Alionja kazi yake kwa ncha ya ulimi, akatema dirishani, akasukutua mdomo. Hakumweleza mtu ila Chelangat. Mpishi asiyekula anachopika ataaminiwa na nani?

Mtu mwingine angejionea huruma, lakini Arap Tanui alikuwa na Jumapili. Jumamosi mchana alivua aproni, akashuka katikati ya michai, akavuka kijito kilichokuwa mpaka wa shamba, akapanda hadi boma lake. Huko alikuta kimyet, ugali wa wimbi uliosongwa mpaka ukang'aa, mwekundu wa kuiva, na pembeni mboga ya saga iliyopikwa jana yake na kuachwa ilale katika maziwa mpaka uchungu wote umeisha. Kulikuwa na mursik, maziwa ya kibuyu yenye mistari ya majivu, makali kidogo kwenye koo. Siku zingine kulikuwa na maharagwe na malenge, na kuku alipokosea njia kulikuwa na kuku. Alikula polepole bila kuongea, na tumbo lake lilipokea kila kitu kwa adabu. Ninasema kweli, meneja hakuwahi kula vizuri kama mpishi wake.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka wa hamsini na saba, binti yao Rebeccah alipoposwa na Kipkemoi, mwalimu wa shule huko Siongiroi. Wazee walikubaliana vizuri na ng'ombe wakafika. Arusi ingekuwa ya kanisani, bibi arusi na gauni jeupe, na baadaye keki. Nani angeoka keki hakuna aliyeuliza. Baba ya bibi arusi alikuwa Arap Tanui, swali lingetoka wapi?

Shida haikuwa kuoka. Siku hizo Wakristo wa pande zile walikuwa wameshaipenda desturi mpya kuliko waliowaletea: keki ikishakatwa, maharusi waliwalisha wazazi wa pande zote mbili kwa mkono, mmoja mmoja, watu wote wakitazama mpaka wameze. Mwaka uliotangulia mzee mmoja alikataa keki ya arusi ya mwanawe kwa sababu ya jino bovu. Ukoo wa bibi arusi ukasema amemkataa binti yao, na mpaka leo hawajaenda kwake kunywa chai. Arap Tanui aliwaza hayo akikanda. Akila, ataugua mbele ya wakwe, labda hata kabla hawajaagana. Asipokula, atamwaibisha mtoto wake siku ya arusi yake, tena kwa keki aliyoioka mwenyewe.

Wazo likamjia akiwa anakula kimyet. Angetengeneza keki ya ngazi tatu. Mbili za chini zingekuwa za ngano, za wageni. Ile ndogo ya juu, ambayo ndiyo maharusi hukata, angeioka kwa unga wa wimbi, kisha azifunike zote kwa sukari nyeupe, na hakuna angejua.

Jaribio la kwanza alilifanya nyumbani, Jumapili baada ya ibada, maana jikoni kwa meneja hata hewa ilikuwa na ngano. Kwa hiyo ilimbidi aingie jikoni kwa Chelangat. Kwao mwanamume hana kazi kwenye mafiga ya mkewe, na Chelangat alimtazama alivyoinama mlangoni na bati lake la keki mkononi, akamsogezea kigoda, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mpishi mkuu akachanganya mayai, sukari, samli na unga, akaweka bati ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Keki ikaiva, ikanukia. Alipoigusa kwa kisu ikamomonyoka yote kama kichuguu.

Chelangat alikuwa ameona kosa tangu mwanzo, ila hakupenda kumfundisha kazi fundi. Sasa akamwambia kwamba wimbi haujishiki wenyewe kama unga wa wazungu. Akachukua sehemu ya unga, akaupika uji mzito, akauacha upoe, ndipo akamwambia achanganye mayai yake humo, na ndizi mbivu mbili zilizopondwa. Jumapili iliyofuata wakafanya hivyo. Keki ilitoka nzima, ya rangi ya udongo wa barabara, laini, na Arap Tanui akakata kipande akala. Kisha akala cha pili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano na hajawahi kumaliza kipande cha keki bila hofu.

Jumatatu asubuhi tumbo likanguruma.

Lilikuwa lilelile la zamani, na alilijua. Jumanne aliomba ruhusa, akarudi nyumbani akishikilia michai njiani. Akalala. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa wazo lililokuwa kichwani mwake. Wimbi ulikuwa chakula cha mama yake, chakula cha kila Jumapili yake. Chelangat alipomletea uji, akaugeuzia uso.

"Kama hata wimbi imenikataa," akamwambia, "basi mimi nitakula nini tena kwa hii dunia?"

Chelangat aliketi na ule uji mkononi, akarudia kichwani mwake kila alichomwona mumewe akifanya Jumapili ile, tangu alipoinama mlangoni. Bati alitoka nalo wapi? Kwa meneja. Alilipaka samli. Halafu akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, akanyunyiza kitu, akaligeuzageuza bati na kuligonga, haraka haraka, kama mtu anavyojikuna bila kujua.

"Baba Rebeccah," akasema, "ule unga mweupe ulitia kwa bati ilikuwa ya nini?"

"Ya kuzuia keki isishike."

"Na ilitoka wapi?"

Arap Tanui akautazama mkono wake. Miaka kumi na tisa mkono wake ulikuwa ukipaka bati na kulinyunyizia ngano, na mkono haukumuuliza mwenyewe ruhusa. Wimbi haukuwa na hatia. Aliketi kitandani akiwa bado mgonjwa, akaanza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu na kuendelea kucheka, na Chelangat, aliyekuwa amejizuia tangu Jumapili ya kwanza, akacheka naye mpaka machozi. Kisha akampa uji. Akaunywa wote, akaomba mwingine.

Bati lilirudishwa kwa meneja. Keki ya arusi iliokwa katika sufuria ndogo ya Chelangat ambayo haikuwa imeonja ngano tangu inunuliwe, nayo sufuria ndani ikanyunyizwa unga wa wimbi. Zile mbili za chini zilitoka katika jiko la chuma, na Arap Tanui akaweka kipande cha bati safi kati yao na ile ya juu. Hata sukari nyeupe ya ngazi ya juu aliipaka kwa kisu cha mkewe.

Siku ya arusi hapakuwa na mvua, jambo ambalo Kericho ni zawadi. Baada ya mchungaji kumaliza na nyimbo kuimbwa, meza ikaletwa kwenye nyasi, na watu wakasimama kuiona keki. Rebeccah na Kipkemoi wakashika kisu pamoja, wakakata. Kumbe chini ya sukari nyeupe keki ilikuwa ya rangi ya udongo. Manung'uniko yakaanza upande wa Siongiroi, ya chinichini. Mtu mmoja akasema imeungua. Rebeccah hakuwa ameambiwa kitu, akamtazama baba yake kwa macho yaliyojaa woga.

Mama ya bwana arusi, Priscillah, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akasogea mezani, akainama, akanusa. Akamuuliza Arap Tanui mbele ya watu wote hii ni nini amewapikia.

Hapo angeweza kudanganya. Angesema ni rangi, au chokoleti ya wazungu, na wangeamini, maana walikuwa wakimwamini katika mambo ya jikoni. Lakini alimwona Chelangat upande wa akina mama, ameshika pembe za leso yake kwa mikono miwili, akachoka na kuficha.

"Ni wimbi," akasema. "Mimi tumbo yangu inakataa ngano. Tangu nianze kazi inakataa. Mkate yote munakula, mimi hata siwezi kumeza. Lakini huyu ni mtoto yangu, na nilitaka nikule keki yake."

Rebeccah alikuwa amekula mkate wa baba yake tangu ameota meno, na hakuwahi kujiuliza kwa nini baba mwenyewe hauli. Sasa alijua. Akachukua kipande, akavuka nyasi na gauni lake linaburuta, akakinyanyua.

"Kula, Baba."

Akala. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, watu wote wakitazama, na kwa mazoea ya miaka kumi na tisa akasubiri tumbo liseme. Halikusema.

Priscillah alikuwa tayari amejikatia chake bila kungoja kulishwa. Akatafuna, akatikisa kichwa, akatangaza kwa sauti ile ya ng'ombe kwamba mkwe wake amepika keki yenye akili. Wazee wa Siongiroi, ambao mkate siku zote waliuona kama kula pamba, wakaja mmoja mmoja kuonja, na wakaja tena. Keki nyeupe za chini ziliachiwa watoto. Arap Tanui aliposogea kutafuta kipande cha pili, alikuta sahani imebaki na chembechembe tu. Alisimama akiitazama. Alifurahi, na alisikitika kidogo pia, maana alikuwa amesubiri muda mrefu.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na maharusi wamekwenda zao, alimfuata mkewe mpaka jikoni. Safari hii hakuinama kwa aibu mlangoni. Alivuta kigoda mwenyewe akaketi karibu na mafiga. Chelangat alifungua fundo kwenye pembe ya leso yake. Ndani mlikuwa na kipande cha keki, kimebonyea kwa kushikwa mchana kutwa, na sukari yake imeyeyuka.

"Mimi nilijua watamaliza," akasema.

Arap Tanui akakigawa nusu kwa nusu. Chelangat akamimina chai, na wakala pamoja pale kwenye mafiga mpaka kikaisha.