Bawabu Asiyepanda Mnara

Mimi ni mtu wa Livorno, na nalisema hilo mapema ili msije mkadhani napendezwa na chochote kilichopo Pisa, majirani na mahasimu wetu wa tangu kale. Niliolewa huku, nikamzika mume huku, na kwa miaka ishirini na nne nimekuwa nikipokea mabegi ya watalii wanaokwenda kupanda ule mnara wao ulioinama. Mji mzima unakula kwa kosa la fundi. Kwetu fundi wa namna hiyo angefukuzwa. Hawa wameweka mlango na kukata tiketi.

Na watalii nao! Mtu anatoka huko mwisho wa dunia, anakuja kusimama kwenye majani kanyoosha mikono hewani ili apigwe picha kana kwamba anauzuia mnara usianguke. Wanasimama mia kwa mpigo, na kila mmoja anadhani wazo hilo limemjia yeye peke yake. Wakimaliza wananitupia mabegi na kuuliza choo kiko wapi. Ptuu!

Lakini hao ni wapita njia. Niliyemdharau kwa kudumu ni Ubaldo Giannessi, mkagua tiketi wa mlangoni, hatua tano kutoka kaunta yangu. Mzee wa miaka sitini na moja, mvi kichwa kizima, shati limepigwa pasi na mama yake, na bado ni mwanafunzi. Nasema kweli. Alisoma sheria ujanani akafaulu mitihani yote isipokuwa mmoja, sheria ya Warumi wa kale. Baba yake akafariki, ikabidi atafute kazi. Tangu hapo kila mwaka anajiandikisha, na kila mwaka siku ya mtihani ikifika tumbo linamkata, anabaki nyumbani.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Wanafunzi wa Pisa wanaamini kwamba ukipanda mnara kabla ya kupata shahada, basi shahada huioni maisha. Kijana wa miaka ishirini akiamini hivyo nitamwacha. Huyu babu amelinda mlango huo miaka yote na hajakanyaga hata ngazi ya kwanza! Watalii wanamuuliza, "Huko juu kukoje?" Naye anajibu bila haya, "Kuzuri sana, bwana. Unaona hadi baharini."

"Muongo mkubwa we," nilikuwa nikimwambia.

"Bado mtihani mmoja, Mirella. Nikimaliza tu, napanda."

"Utapandishwa ndani ya jeneza."

Aliyenifanya nisimcheke mpaka mwisho ni mama yake, Bi Argia. Alikuwa na miaka tisini na moja na moyo uliochoka. Kwenye roshani yake alipanda yale majani tunayotia kwenye mchuzi wa nyama, ambayo huku mtu akihitimu husukiwa shada akavikwa kichwani. Kichaka kilikuwa kimempita urefu. Aliniambia mwezi wa tano, "Mirella, daktari hanihesabii tena miaka. Ananihesabia miezi. Nataka kumvika mwanangu kwa mikono yangu." Mtihani ulipangwa Ijumaa moja ya mwezi wa sita, na safari hii Ubaldo alisoma kweli, kitabu kikiwa chini ya tiketi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, akaja mtalii mnene mwenye kaptula na uso mwekundu kama nyanya. Nilimwambia ngazi ni karibu mia tatu, apumzike kwanza kivulini. Akanicheka. Haya, panda.

Nusu saa baadaye simu ya upepo ya Ubaldo ikalia. Alikuwa Nedo, mlinzi wa juu. "Kuna mtu kaanguka katikati ya ngazi! Midomo imekuwa ya buluu! Lete kile kiti cha kubebea, nishikiwe upande wa pili, upesi!"

Walinzi wengine wawili walikuwa wamekwenda kula. Mimi magoti yangu hata kitandani hayanisaidii. Ubaldo alichukua kiti, akafika mlangoni, akaganda hapo.

"Ijumaa ni kesho," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Ubaldo! Mtu anakufa huko ndani!"

"Mama atakufa hajaniona, Mirella."

Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea. Akafanya ishara ya msalaba, akapanda. Nilimsikia akilia kwa sauti ngazi baada ya ngazi, mpaka kuta zikaimeza.

Walimteremsha yule bwana salama. Akanyweshwa maji, akapepewa, rangi ikarudi. Neno lake la kwanza mnalijua? Alimpa Ubaldo simu yake, akajikokota hadi kwenye majani, akanyoosha mikono hewani. "Nipige," akasema. "Sogea kushoto kidogo." Na Ubaldo, machozi hayajamkauka, akampiga picha! Hata asante hakuambiwa. Mungu anisamehe nilivyomtukana yule mtu, kwa lugha ya Livorno, ambayo kwa kazi hiyo haina mwenzake.

"Kesho siendi," Ubaldo akaniambia. "Yamekwisha."

"Bwege we! Miaka yote hiyo hukupanda, na ulifaulu?"

Jioni nikafunga kaunta, nikamshika mkono, nikamburuta mpaka kwa mama yake, nikamweleza bibi yote. Bi Argia alikuwa kitandani, akala kipande cha chapati ya dengu taratibu mpaka kikaisha. Ndipo akasema:

"Kumbe hujui? Wewe mnara ulishaupanda zamani. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Baba yako alinipandisha mpaka kwenye kengele."

Ubaldo akashika kichwa. "Ndiyo maana! Ndiyo maana nimekwama maisha yangu yote!"

"Nyamaza, kichwa maji! Ulifaulu mitihani mingapi?"

"Ishirini na mitano."

"Yote ukiwa umeshapanda. Sasa huo mkosi uko wapi? Kesho unakwenda, na tumbo likikukata, nenda nalo."

Akaenda. Nilikaa naye nje ya mlango wa chumba cha mtihani nikimshikia begi, maana ndiyo kazi yangu. Alitoka na alama kumi na nane kati ya thelathini. Chini ya hapo ni kufeli; mbwa wa Livorno angepata ishirini. Lakini alikuwa amefaulu, na nilipiga kigelegele mpaka maprofesa wakachungulia milangoni.

Bi Argia alimvika shada akiwa amekaa kitandani, na hakukubali kusaidiwa. Ubaldo alipokwenda jikoni kuleta bilauri, nikamwinamia bibi.

"Mimba ya miezi saba, Bi Argia, na ngazi zote zile! Ulithubutuje?"

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi? Nipande mnara? Kwani mimi mtalii?"

Kule jikoni Ubaldo alikuwa akiimba. Nikanyamaza.