Nyumba Alizozijua Mama Masika Peke Yake

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya vita, mwanangu, mwanaume mmoja alipofika kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Butembo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa ametoka Oicha. Watu walipokuwa wanakimbia mapigano, pale Mbau walisukumana, akapotezana na binti yake mdogo, Kasoki. Njiani aliambiwa kwamba watoto wa namna hiyo wanapokelewa na kikundi chetu cha kujitolea.

Aliambiwa kweli. Sisi vijana tulikuwa tunawapokea barabarani, tunawaogesha, tunawapa uji. Kisha Mama Masika, mkubwa wetu, alimshika mtoto mkono na kumpeleka kwenye nyumba ya kumlea. Nyumba ipi, alijua yeye na walezi wenyewe tu. Hakuandika kitu, na alikuwa na sababu. Katika vita vya kwanza wenye silaha waliipata karatasi yenye majina ya wakimbizi, wakawafuata mlango kwa mlango. Kaka yake alikuwa mmoja wa waliouawa. Nani kati yetu angembishia? Tena tulimpenda mno. Kwa vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani yake alitushonea nguo za Noeli.

Lakini mwanaume yule alipofika, Mama Masika alikuwa amelazwa hospitali, malaria imempanda kichwani, haongei.

Tukazunguka naye mitaani. Unajua mwenyewe, kwetu Wanande majina yanafuata zamu ya kuzaliwa, na Kasoki wamejaa kila mtaa. Halafu walezi walikuwa wameagizwa na Mama Masika wasimwambie mtu yeyote. Kila tulipobisha hodi tulijibiwa kwamba hapa hakuna mtoto wa wengine. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Walikuwa waaminifu.

Yule baba akaomba tumpeleke hospitali. Akakaa kando ya kitanda cha Mama Masika, na kila siku akarudi hapo, anampepea, anamlowesha midomo kwa maji. Nilimuuliza kama hana hasira naye.

"Huyu mama alipokea mutoto wangu wakati mimi nilikuwa mbali," akasema. "Nitamukasirikia namna gani?"

Ndipo akaingia mama mmoja muuza sombe, yale majani ya muhogo, amemletea mgonjwa uji. Kwake pia tulikuwa tumebisha, akatukatalia. Alisimama akimtazama yule baba anavyomnywesha mgonjwa, kisha akauliza polepole, "Mutoto wako iko na alama gani?"

"Ku kisigino. Alikanyaga makaa ya mama yake."

Akaweka bakuli chini, akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amembeba Kasoki mgongoni. Baba akafungua mikono palepale alipoketi. Mtoto ndiye aliyemwendea.

Mama Masika alipopata nafuu tulimsimulia yote. Alilia, halafu akasema, "Nilizani ninalinda batoto. Kumbe nilibaficha hata kwa baba na mama yabo."

Akatuketisha kando ya kitanda, akataja watoto wote. Tuliandika jina la mtoto, la baba yake, kijiji chao na alama ya mwili. Karatasi hiyo akaitunza mchungaji. Nyumba walizowekwa ziliandikwa kwenye nyingine, ikakaa na mama mmoja wa mtaa wa mbali. Ambaye angeiba karatasi moja tu asingempata mtoto. Mzazi aliyekuja kwa haki alipata jibu siku ileile.

Basi wewe uliyeingia komite ya kikundi chetu juzi, usipende kuwa mtu pekee anayejua. Andika mapema, wakati jambo bado liko wazi kichwani. Mpe habari mwenzako anayeihitaji kwa kazi, na usiitangaze kwa asiyehusika, maana majina unayoyashika ni maisha ya watu.

Mungu akupe wenzako wa kuaminiana nao. Na siku utakapougua, maana sote tunaugua, ulale kwa utulivu, ukijua kwamba mzazi akibisha hodi, yupo wa kumfungulia.